Jumamosi tunapanda kuwaona pimbi
Wadau habari za jioni, Jumamosi tukutane saa 12 asubuhi kabla jua la Dodoma halijawa kali, maji mbebe ya kutosha. Mkiwaona pimbi kule kwenye mawe msiseme ni panya wakubwa jamani, ndugu zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva! Meno yake ya juu ya mbele hayaachi kukua, na pembe za tembo nazo ni meno ya hivyo hivyo, halafu wanasayansi walivyolinganisha DNA ukoo ukaonekana ni mmoja kweli. Fisi nae yuko upande wa paka sio mbwa, hii ndo naipenda kuliko zote. Kila mtu aje na wanyama watatu, atuambie wawili gani ni ndugu zaidi na kwa nini, tutabishana huko huko juu.