Mitungi midogo ya hewa isiuzwe kiholela

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mitungi midogo ya hewa ya kuzamia, ile ya nusu lita au lita moja inayotangazwa mitandaoni, ambayo humvutia mwenye mashua anayetaka kukata kamba iliyojisokota kwenye propela au kukwamua nanga.

Matangazo hutaja dakika bila kusema ni za kina gani. Mtungi wa nusu lita ukijazwa mpaka bari 200 (bari ni kipimo cha mgandamizo) hubeba lita 100 za hewa. Mtu aliyetulia hutumia takriban lita 15 kwa dakika akiwa juu ya maji, lakini katika kina cha mita 10 kila pumzi hula hewa maradufu, kwa hiyo hata akitulia hapati zaidi ya dakika 3 hivi. Na anayehangaika na kisu chini ya mashua, huku mkondo ukimvuta, huenda akaumaliza mtungi kabla kamba haijakatika. Mtungi usio na geji ya kuonesha hewa iliyobaki, inayosomeka vizuri majini, haufai kununuliwa, hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa.

Linalonitia hofu zaidi ni mazoea ya wapiga mbizi wetu. Aliyezoea tangu utotoni kuzamia pweza hubana pumzi toka anashuka mpaka anaibuka, wala hadhuriki, kwa kuwa mapafu yake husinyaa akienda chini na kurudia ukubwa wake akipanda. Akishavuta hewa ya mtungi akiwa chini, mazoea hayo hayo yanaweza kumuua: hewa iliyojaa mapafuni katika mita 10 hutanuka mara mbili afikapo juu, na akiibana, mapafu huweza kuchanika na mapovu yakaingia kwenye damu hadi ubongoni. Kina cha mita moja na ushei tu chatosha kuleta madhara hayo. Mzamiaji wa mtungi hapaswi kubana pumzi hata mara moja. Apande polepole, asizidi mita 9 kwa dakika, na hewa ikimwishia apande huku akiitoa kidogo kidogo mdomoni. Haya hufunzwa majini na mkufunzi, si kwa karatasi iliyomo ndani ya boksi.

Kuhusu kujaza, kompresa ya matairi haikaribii bari 200, na hewa yake huweza kuwa na mvuke wa oili. Hata kompresa ya kuzamia, ikivuta hewa karibu na eksozi ya injini, hutia mtungini kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu na isiyo na harufu. Oksijeni ya mafundi wa kuchomelea isitiwe kabisa, kwani ikikutana na mafuta huweza kulipuka, na mtu akizama nayo zaidi ya mita 6 huweza kushikwa na degedege majini.

Nawaomba wauzaji waoneshe wazi ujazo wa kila mtungi, mgandamizo wake na tarehe ya kupimwa iliyogongwa kwenye chuma, na wasimkabidhi mtu asiye na cheti cha uzamiaji.

Mzamiaji,
Tanga