Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Shughuli za Chama na Suala la Cheo cha Erroll

Wazee wetu, kina mama, vijana na wanachama wote mliofika, hamjambo.

Shughuli za kawaida nitazipitia mbio kwa sababu mnazijua. Mikutano ya kila mwezi imefanyika. Ziara ya Naivasha ilifana, na nawashukuru kina mama waliosimamia chakula. Rafu mpya za vitabu zimetengenezwa. Tumewachangia waliofiwa na tumehudhuria harusi tulizoalikwa. Kumbukumbu za vikao ziko kwa Katibu, na mwenye haja ya kuzisoma amwone.

Muda uliobaki nautumia kwa jambo moja lililozua maneno mwaka mzima: uamuzi wa kamati kuchapisha kijitabu na kuandaa mhadhara wa mwaka kuhusu historia ya cheo cha Earl wa Erroll, cheo cha kurithi cha ukoo wa Hay wa Uskoti. Pendekezo lilikuwa langu na kamati ililipitisha kwa kura tano dhidi ya mbili. Rasimu niliiandika mwenyewe, bila malipo. Nayasema haya kwa sababu imedaiwa kwamba jambo hili lilipitishwa mlango wa nyuma. Kumbukumbu za kikao zinaonyesha vingine.

Lalamiko la kwanza ni kwamba tumetumia pesa za chama kwa mambo ya mabwana wa Kizungu. Nalichukulia kwa uzito kwa sababu limetoka kwa wanachama ninaowaheshimu. Lakini naomba tuangalie mambo yalivyo. Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, alikuja Kenya mwaka 1924. Mwaka 1934 alijiunga na chama cha mafashisti wa Uingereza. Mwaka 1939 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria kama mwakilishi wa Kiambu. Wa Kiambu, ndugu zangu! Walowezi ndio waliopiga kura. Wazee wetu wa Kiambu hawakuwa na kura hata moja, na Mwafrika wa kwanza hakuteuliwa katika baraza hilo mpaka mwaka 1944, alipoteuliwa Eliud Mathu. Josslyn Hay alizikwa Kiambu na kaburi lake lipo. Mtu aliyeketi kwa niaba ya ardhi ya babu zetu bila kuulizwa na babu zetu ni sehemu ya historia yetu, tupende tusipende. Kuuliza cheo alichokuja nacho kilitoka wapi, na kilikwenda wapi alipokufa, ni kazi halali kabisa ya chama kama hiki.

Lalamiko la pili ndilo lililonisumbua zaidi. Wapo waliosema kwamba kama ni Erroll, basi tuandike kuhusu mauaji yake, maana hayo ndiyo yangeuza nakala na kujaza ukumbi. Nilikataa, na bado nakataa. Mauaji yenyewe mnayajua. Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941 alikutwa ndani ya gari lake karibu na Karen, amepigwa risasi. Sir Jock Delves Broughton, mlowezi mwenzake, alishtakiwa Nairobi kwa mauaji hayo, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo akaachiliwa huru. Hakuna mtu aliyewahi kutiwa hatiani. Ushahidi unakomea hapo, na kinachoendelea baada ya hapo ni umbea wa baani. Umekwisha kuandikwa mara nyingi, na jina la chama chetu sitalitia humo.

Kwa upande wa cheo, ziko hati. Hapo ndipo nilipotaka wanachama wafike, na wachache waliofika wanajua kwamba habari yenyewe ina utamu wa kutosha.

Siku ile Josslyn Hay alipokufa alikuwa na vyeo viwili vikubwa vya kurithi. Alikuwa Earl wa Erroll, na pamoja na huo uearl alikuwa Konstebo Mkuu wa Uskoti. Vilevile alikuwa Baron Kilmarnock. Hakuacha mtoto wa kiume. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Diana, aliyezaliwa mwaka 1926, akalelewa na jamaa zake Uingereza baada ya ndoa ya wazazi wake kuvunjika. Alikuwa na umri wa miaka 15. Kwa risasi ileile vyeo viwili viligawanyika. Uearl na ukonstebo vilikwenda kwa binti, akawa Countess, yaani earl wa kike, wa 23. Ubaroni wa Kilmarnock ulikwenda kwa baba mdogo wa Diana, Gilbert, ambaye aliacha jina la Hay akajiita Boyd.

Katika kikao cha Mei mwanachama mmoja alisimama akasema kwamba hilo haliwezekani, kwamba Wazungu nao cheo ni cha wavulana tu, na kwamba mwenyekiti amechanganya. Sikuchanganya. Nililijibu siku ile kwa ufupi, na leo nalijibu kwa urefu unaostahili ili liishe.

Cheo cha Uskoti hufuata masharti ya hati iliyokiunda au iliyokifanya upya. Uearl wa Erroll ulitolewa mwaka 1452 na Mfalme James II kwa Sir William Hay. Ukoo wenyewe ulikuwa wa zamani zaidi. Ulitoka Normandy, na katika karne ya 12 William de la Haye alikuwa msimamizi wa vinywaji vya mfalme, akapewa ardhi ya Errol huko Perthshire. Sir Gilbert Hay alisimama na Mfalme Robert Bruce wa Uskoti wakati wa shida. Mwaka 1314, mwaka wa vita vya Bannockburn, akapewa ukonstebo mkuu uwe wake na warithi wake, pamoja na ardhi ya Slains kwenye pwani ya Aberdeenshire iliyonyang'anywa ukoo wa Comyn, maadui wa mfalme. Kazi ya konstebo ilikuwa kumlinda mfalme na kuwahukumu waliofanya fujo au kumwaga damu karibu na mahali mfalme alipo.

(Hapa niseme neno kuhusu ile hekaya ya mkulima wa Luncarty. Yasemekana alikuwa akilima na wanawe, wakawarudisha nyuma Wadenmaki kwa nira ya jembe, na mfalme akampa ardhi yote atakayoivuka kipanga akirushwa. Mzee wetu mmoja alitaka iwe ukurasa wa kwanza kama historia. Nampenda mzee huyo na hekaya ni nzuri, lakini ukoo wenye jina la Kinormani haukuchipuka kwenye shamba la Perthshire. Niliiweka ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa "Masimulizi". Sidhani kwamba hiyo ni dharau.)

Cheo kilipita katika mengi. Earl wa nne aliuawa katika vita vya Flodden mwaka 1513, siku moja na mfalme wake. Earl wa tisa, Francis, Mkatoliki, aliingia katika njama na Wahispania, na mwaka 1594 Mfalme James VI akaivunja ngome yake ya Slains. Ngome ilivunjwa na cheo kikabaki. Francis alirudi, akajenga Slains nyingine karibu na Cruden Bay, ile ambayo leo ni magofu.

Kisha ikaja mwaka 1666, na hapa ndipo penye jibu la swali la Mei. Earl wa 11, naye akiitwa Gilbert, hakuwa na mtoto. Alikirudisha cheo mikononi mwa mfalme, naye mfalme akampa upya kwa hati iliyopanga ni nani atarithi na baada yake nani. Hati hiyo iliwapa nafasi wanawake pale wanaume wanapokosekana. Gilbert alipofariki mwaka 1674, cheo kilikwenda kwa jamaa yake wa mbali, Sir John Hay wa Keillour. Mwana wa huyu Sir John, Charles, alifariki mwaka 1717 bila kuoa, na dada yake Mary akawa Countess kwa haki yake mwenyewe. Mwaka 1745 bibi huyo alikusanya watu kumuunga mkono Prince Charles Edward, aliyeasi ili kulirudisha taji la Uingereza kwa ukoo wake wa Stuart. Konstebo Mkuu wa Uskoti alikuwa mwanamke zaidi ya miaka 200 kabla ya Sheria yetu ya Urithi, inayomtambua binti sawa na mwana, kuanza kutumika mwaka 1981! Kina mama wa chama hiki walilielewa jambo hili mara moja, na walioketi nami siku ya mhadhara wengi wao walikuwa wao.

Mary hakuacha mtoto. Alipofariki mwaka 1758 cheo kilimwendea mjukuu wa dada yake, James Boyd, kupitia upande wa mama. Baba yake James, Earl wa Kilmarnock, alikuwa amekatwa kichwa London mwezi Agosti 1746 kwa kupigana upande wa Prince Charles, na cheo chake kikafutwa. James mwenyewe alikuwa upande wa serikali kwenye vita vya Culloden, uasi huo uliposhindwa, baba huku na mwana kule. Alichokuwa nacho baba kilipotea kwa sababu ya uhaini. Kilichokuja kwa njia ya mama hakikuguswa. James akachukua jina la Hay, akawa Earl wa 15.

Jina la Kilmarnock lilirudi mwaka 1831, Earl wa 18 alipopewa ubaroni mpya. Mke wake alikuwa Elizabeth FitzClarence, binti wa Mfalme William IV aliyezaliwa nje ya ndoa. Lakini hati hii mpya ilisema warithi ni wanaume tu. Sasa mnaona wenyewe. Hati mbili, moja ya 1666 na nyingine ya 1831, zililala pamoja katika mtu mmoja kwa vizazi kadhaa bila kugombana, mpaka Januari 1941 mtu huyo alipokufa hapa kwetu akiwa na binti tu. Hiyo ndiyo habari niliyoona inafaa kuchapishwa kuliko porojo za nani alikuwa na mke wa nani.

Nimeulizwa pia kama binti huyo aliheshimiwa kweli au alipewa jina tu. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth alipotawazwa, kazi ya konstebo ilifanywa na naibu wake, naye alikuwa yuleyule baba mdogo, Lord Kilmarnock. Lakini ukonstebo ulibaki wa Diana. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 ikawafungulia wanawake wenye vyeo vya kurithi mlango wa Bunge la Malodi, na pia ikawaingiza malodi wote wa Uskoti, ambao tangu Muungano wa Uskoti na Uingereza wa 1707 walikuwa wakichagua wawakilishi 16 tu. Diana alifariki mwaka 1978. Mwanawe Merlin, Earl wa 24, alikuwa mmoja wa wale 92 waliobaki mwaka 1999 malodi wengine wa kurithi walipotolewa, na alikuwapo kama Konstebo Mkuu mwaka 2023 Mfalme Charles alipotawazwa.

Sasa mahudhurio. Ukumbi ulikodiwa, viti vilipangwa, chai ilipikwa, na waliofika walikuwa 19. Baadhi ya waliolalamika kwa sauti kubwa kwenye kundi letu la simu hawakufika. Mtu hawezi kuupima mhadhara ambao hakuusikia, na hawezi kukihukumu kijitabu ambacho hakukifungua. Nasema hili kwa uchungu. Mimi na Katibu tulishinda kutwa nzima tukipanga meza, naye hakusema neno.

Hesabu kwa jumla ziko hivi. Wanachama walioandikishwa ni 64, waliolipa ada ya shilingi 1,500 ni 27. Tuliingia mwaka na shilingi 31,200, ada zikaleta 40,500, michango 8,000, na nakala 61 za kijitabu zilizouzwa zikaleta 15,250. Jumla 94,950. Uchapishaji ulichukua 38,000, ziara 14,000, ukumbi na chai 9,500, gharama za ofisi 3,700. Jumla 65,200. Salio ni shilingi 29,750. Ada ambazo hazijalipwa ni 55,500, na naomba tuitazame tarakimu hiyo kabla ya kusema kwamba kijitabu ndicho kilichokifilisi chama. Wote wangelipa, pesa za uchapishaji zisingeonekana hata kidogo. Wapo wajumbe wa kamati wenye deni pia. Sitawataja, lakini Mweka Hazina ana daftari na leo yuko mlangoni.

Kuhusu mwaka ujao, ni matumaini yangu kwamba tutapata njia ya kuziuza nakala zilizobaki, pengine mashuleni. Panapo uwezo tungetembelea kaburi la Kiambu kwa ruhusa ya kanisa, na tungeanza kukusanya masimulizi ya wazee waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi hao, maana wanazidi kupungua. Tarehe itapangwa na kamati mpya. Kuna waliopendekeza mhadhara ujao uwe juu ya Lord Delamere, na sina pingamizi, mradi tuanze na hati.

Jina langu limependekezwa tena kwa nafasi hii. Nimekubali, na kura itapigwa baada ya Mweka Hazina kusoma majina ya waliolipa ada, kwani kwa mujibu wa katiba yetu hao ndio watakaopiga kura.

Mwenyekiti