Tusiusingizie mtandao: kasoro ipo kwenye maungio

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie jambo linalowagusa wavuvi na wanunuzi wa mialo yetu, kuanzia Ilemela na Magu hadi Sengerema na Ukerewe, ingawa linatokea mahali wasipopaona: ndani ya programu za simu zinazokokotoa malipo ya samaki. Skrini inaonyesha jina la sato huku bei ni ya sangara. Stakabadhi inatoka mara mbili. Jumla inaruka juu, kisha inashuka yenyewe. Mwenye programu akiulizwa, jibu ni "mtandao unasumbua".

Mtandao ukisumbua, taarifa huchelewa au hukosekana. Hauwezi kuichukua bei ya sangara ukaibandika kwa sato. Hilo ni kosa la mwandishi wa programu aliyeunganisha vibaya thamani mbili zisizofika kwa wakati mmoja, na dawa yake inajulikana.

Chukua programu ya kawaida ya kupimia samaki pale Mwaloni Kirumba. Uzito unatoka kwenye mzani wa kidijitali kwa bluetooth, tuseme mara 5 kwa sekunde. Bei ya kilo inatoka kwenye seva na hubadilika mara chache kwa siku. Aina ya samaki inachaguliwa kwa kidole. Kitufe cha "Lipa" kinabonyezwa pale muuzaji na mnunuzi wanapokubaliana. Hivyo ni vyanzo vinne, na kila kimoja kina mwendo wake. Katika mtindo tunaouita programu riaktivu, kila chanzo ni mkondo: msimbo haukai kuuliza "imefika?", bali unaambiwa kila thamani inapofika. Wazo si jipya. Conal Elliott na Paul Hudak waliliandikia 1997 kwa ajili ya michoro inayotembea, na Netflix iliiweka RxJava, maktaba ya msimbo ya mtindo huu, wazi kwa umma 2013. Leo maktaba za namna hiyo, yaani RxJS ya JavaScript, Flow ya Kotlin na Combine ya Apple, zote zina maungio (amri za kuunganisha mikondo) ya jamaa moja. Mkondo mmoja haumsumbui mtu. Shida huanza pale mikondo inapokutana.

Kabla ya kuandika mstari wowote wa kuunganisha, mwandishi ajiulize: kati ya mikondo hii, ni upi wenye haki ya kuamsha jibu?

Wengi hukimbilia ungio la zip kwa sababu jina lake linaahidi kufunga vitu viwili pamoja. Zip huoanisha kwa namba ya foleni: cha kwanza kwa cha kwanza, cha pili kwa cha pili. Ukioanisha mzani huo na bei inayokuja kila baada ya dakika 10, katika dakika hizo 10 mzani umetoa vipimo 3,000 na kimoja tu ndicho kimepata mwenzake. Vingine vinajazana kwenye kumbukumbu ya simu. Bei ya pili ikifika, itaoanishwa na kipimo cha pili, yaani uzito wa dakika 10 zilizopita, wa samaki ambaye huenda ameshapakiwa kwenye gari. Zip ina kazi yake pale mikondo miwili inapotoa vitu vyenye uhusiano wa moja kwa moja, kama maswali na majibu yake yakiwa yamepangwa kwa mfuatano. Bei na uzito havina uhusiano huo.

Kinachofaa kwa jumla inayoonekana kwenye skrini ni combineLatest, ambayo katika Flow ya Kotlin huitwa combine. Hii hukumbuka thamani ya mwisho ya kila mkondo, na mkondo wowote ukitoa kitu kipya, inatoa mchanganyiko mpya. Ina sharti moja: haitoi chochote mpaka kila mkondo uwe umetoa angalau thamani moja. Ndiyo maana baadhi ya programu hukaa na skrini nyeupe mwalo usio na mawimbi ya simu ya kutosha, ilhali mzani upo na unasoma. Hapo mwandishi asiye makini huanzisha mkondo wa bei kwa sifuri ili skrini ijae. Sifuri ni bei halali machoni pa kompyuta. Itazidishwa na kilo 40 na kutoa malipo ya shilingi 0, na kitufe kitakuwa tayari kubonyezwa. Anzisha mkondo kwa hali, usianzishe kwa namba: "inasubiriwa", "ipo, imepatikana saa fulani", au "imekosekana". Skrini ichore hali hiyo, na kitufe kifungwe mpaka bei iwepo.

Kitufe chenyewe kinataka ungio jingine. Ukikiingiza ndani ya combineLatest pamoja na bei na uzito, mbonyezo wa kwanza utabaki umekumbukwa, na kila mzani utakapotikisika au bei itakapobadilika, stakabadhi nyingine itachapwa bila mtu kugusa kitu. Malalamiko ya stakabadhi mbilimbili mara nyingi chanzo chake ni hicho. Mwenye haki ya kuamsha malipo ni kitufe peke yake. Bei na uzito vinachunguliwa tu wakati huo. Katika RxJS kazi hiyo ni ya withLatestFrom. Nayo ina tabia yake: mtu akibonyeza kabla bei haijafika, mbonyezo unatupwa kimya kimya, bila ujumbe. Hiyo ni sababu ya pili ya kukifunga kitufe mapema.

Sasa tuje kwenye sato na sangara, kwa sababu hapa wanateleza hata waandishi wazoefu. Msimbo unaokutwa mara kwa mara una mkondo wa aina iliyochaguliwa, na mkondo wa bei unaozaliwa na huo wa aina: kila aina mpya ikichaguliwa, ombi linatumwa kwenye seva. Kisha mwandishi anaunganisha aina na bei kwa combineLatest. Inapendeza kuisoma. Lakini mtu akitoka sangara kwenda sato, mkondo wa aina unatoa "sato" papo hapo, na mkondo wa bei bado umeshika jibu la mwisho, ambalo ni la sangara. combineLatest inatii kanuni yake: inatoa sato kwa bei ya sangara. Mjini, kwenye mawimbi mazuri, hali hiyo hudumu sehemu ndogo ya sekunde na hakuna anayeiona. Mwaloni, ombi likichukua sekunde 6, ni sekunde 6 za bei ya uongo, na karani mwenye haraka anatosha kubonyeza ndani ya muda huo. Kwa hiyo mtandao dhaifu ulirefusha tu kosa lililokuwepo tangu programu iko mezani kwa mwandishi.

Dawa ni kutoviachanisha vitu hivyo tangu mwanzo. Ndani ya switchMap, amri inayotuma ombi kwa kila aina inayochaguliwa, jibu lirudi likiwa limefungwa pamoja na aina iliyoliomba, na kabla ya jibu kufika kitolewe kifurushi kisemacho "sato, bei inasubiriwa". Hapo inabaki mkondo mmoja wenye aina na bei yake, na sato haiwezi kukutana na bei ya jirani. Kitumike switchMap, kwa sababu kinaacha kusikiliza ombi la zamani pale jipya linapoanza. Ukitumia mergeMap, inayosikiliza maombi yote kwa pamoja, na mtu akagusa Kirumba, Igombe, kisha Kayenze harakaharaka kwenye orodha ya mialo, jibu la Igombe likichelewa litaingia la mwisho na kulifunika la Kayenze.

Ila switchMap hiyohiyo ni hatari kwenye malipo. Inaacha kusikiliza tu. Haina mkono wa kurudisha kilichokwisha kufika kwenye seva. Mtu akibonyeza mara mbili, ombi la kwanza linaweza kulipa, jibu lake likatupwa, na la pili likalipa tena. Kwa kitufe cha malipo tumia exhaustMap, inayopuuza mibonyezo mipya mpaka ombi linaloendelea liishe. Juu yake, simu itengeneze namba ya pekee ya muamala kabla ya kutuma mara ya kwanza, na namba ileile itumike kila ombi linaporudiwa, ili seva ikiiona tena irudishe jibu lilelile bila kukata fedha.

Kuna ile jumla inayoruka. Tuseme bei ni shilingi 10,000 kwa kilo na ushuru ni asilimia 3, kwa mfano tu. Uzito ukiwa kilo 40, gharama ni 400,000, ushuru 12,000, anachobaki nacho mvuvi ni 388,000. Mzani ukipanda hadi kilo 50, jibu sahihi ni 485,000. Lakini kama gharama ni mkondo mmoja na ushuru ni mkondo mwingine, vyote vikitokana na uzito uleule, kisha vikaunganishwa kwa combineLatest, gharama mpya ya 500,000 itafika kwanza na kukuta ushuru wa zamani wa 12,000. Itatolewa 488,000, kisha 485,000. Jicho halioni, ila daftari la kumbukumbu linaandika zote mbili, na siku ya kufunga hesabu shilingi 3,000 zinaleta ugomvi. Wapo wanaochelewesha kidogo matokeo ili ile ya katikati imezwe. Sisi tunaona huko ni kufunika kasoro. Kokotoa gharama, ushuru na salio kwa hatua moja kutoka kwenye uzito na bei. Matawi mawili ya mzizi mmoja hayahitaji kutenganishwa halafu yaunganishwe. Kwa wanaotumia Angular, mfumo wa kuundia programu za wavuti, signals (thamani zinazojisasisha vyanzo vyake vikibadilika) zilizoingia na toleo la 16 mwaka 2023 zinazuia hali hii zenyewe, kwa kuwa thamani iliyokokotolewa husomwa vyanzo vyake vyote vikiwa vimeshabadilika.

Kuhusu mzani: samaki wakimwagwa kwenye sahani, namba hucheza, kwa hiyo mwandishi anaweka debounceTime ya milisekunde 500, inayotoa thamani pale tu muda huo unapopita bila nyingine kufika, akisubiri utulie. Mzani huu unatoa kipimo kila milisekunde 200 hata ukiwa umetulia tuli. Kila kipimo kinaanzisha upya kusubiri, na uzito hautoki kamwe. Weka distinctUntilChanged kabla ya debounceTime, ili kipimo kilichojirudia kisihesabiwe kuwa kipya. Na kwa kuwa gati la mbao hutikiswa na mawimbi, ulinganisho usidai usawa kamili. Tofauti isiyozidi gramu 50, au kiasi ambacho mzani wenyewe unaruhusu, ihesabiwe kuwa uzito uleule. Ukigeuza mpangilio wa hatua hizo mbili, hali ya awali inarudi.

Makosa ya mtandao nayo yana mahali pake. Katika mikondo hii kosa ni kifo: mkondo uliotoa kosa hautoi kitu tena. Ukiweka catchError, amri inayodaka kosa, nje, baada ya combineLatest, seva ikikataa mara moja tu mchanganyiko wote unakufa, na mzani unaacha kusikilizwa ilhali hauna hatia. Weka catchError ndani, kwenye tawi la ombi lenyewe, igeuze kosa kuwa hali ya "imekosekana". Vivyo hivyo kwa forkJoin inayosubiri orodha kadhaa za mwanzo: moja ikianguka, zote zinaanguka. Na usimwingize humo mzani, maana forkJoin husubiri kila mkondo umalizike, na mzani haumaliziki. Kurudia ombi kufuate sekunde 1, 2, 4, 8, lisizidi 30, pamoja na nyongeza ndogo ya muda wa kubahatisha, tofauti kwa kila simu. Mawimbi yakirudi, simu za mwalo mzima zisiivamie seva kwa sekunde moja.

Bando la mtumiaji nalo lihurumiwe. Sehemu tatu za skrini zikijiunga kila moja kivyake na mkondo wa bei, ni maombi matatu ya kitu kimoja. Tumia shareReplay, inayowagawia wote mkondo mmoja na kukumbuka thamani za mwisho, yenye nafasi 1 na refCount (hesabu ya wanaosikiliza, inayofunga mkondo wakiisha) ikiwa kweli (true). Bila refCount, mkondo unaosomwa kutoka mzani utaendelea kufanya kazi hata skrini ikifungwa, na betri itaisha kabla ya mchana.

Vyuo vinavyofundisha kazi hii vianze na michoro ya gololi: mstari mmoja kwa kila mkondo, gololi kwa kila thamani, na mstari wa chini wa matokeo, kwa kalamu na karatasi, kabla ya kompyuta kuwashwa. Kisha kila mchoro ugeuzwe kuwa jaribio linaloendeshwa kwa saa ya bandia, ambapo dakika 10 hupita mara moja.

Nao wanaoagiza programu hizi, yaani halmashauri, BMU (vikundi vya usimamizi wa mialo) na vyama vya ushirika, wasisaini kupokea kazi kabla ya kufanya majaribio matatu wao wenyewe. Punguza mtandao wa simu hadi 2G, badilisha aina ya samaki mara tano kwa haraka: jina na bei visipishane hata kwa sekunde moja. Bonyeza "Lipa" mara mbili mfululizo, kisha utikise mzani: stakabadhi iwe moja. Zima data katikati ya kupima: uzito uendelee kusogea, na bei ibaki ikiwa imeandikwa saa iliyopatikana, mpaka data irudi na bei ijisasishe bila programu kufungwa na kufunguliwa upya.

Ni sisi,
Watengenezaji wa programu za simu,
Ilemela, Mwanza.