Usimbebe mtoto na ovaroli

Mwanangu,

Picha uliyotutumia Jumamosi tumeiona. Mdogo wako aliniwekea kwenye simu yake, nikaitazama mpaka kioo kikazima, nikamwambia awashe tena. Mtoto amenenepa. Amekushika kola kwa mkono mmoja, mkono mwingine kautia mdomoni. Na hiyo kola ni ya ovaroli ya kazini.

Najua utaniambia ulikuwa umeingia sasa hivi, mtoto alikuwa analia, ilikuwa dakika mbili tu. Haya. Lakini Jumatatu unarudi huko kwenye kusafisha taka za sumu, na kwenye simu huwa hunipi nafasi, kila nikianza unaniambia mama usiwe na wasiwasi. Barua haikatizwi. Usimbebe mtoto na ovaroli. Na nyumbani isifike kabisa.

Kile kitabu cha mafunzo ulichokisahau hapa nimekisoma chote, isipokuwa kurasa za mahesabu. Za mapipa nimezirudia, maana ndiyo kazi yako. Pipa lililovimba haliguswi kwa sababu ndani kuna kinachosukuma. Pipa lenye chembechembe kama chumvi kwenye mfuniko nalo haliguswi, huenda likalipuka kwa kutikiswa tu. Lisilo na maandishi lihesabiwe kuwa na sumu mpaka vipimo viseme vingine. Nimesoma pia habari za ile gesi inayonuka kama mayai viza, ambayo ikizidi huua pua kwanza, mtu akadhani imeondoka kumbe ndiyo imejaa. Usiku ule usingizi ulinipita. Halafu nikakumbuka kwamba wewe ndiye unayetangulia na kipimo, na wanaume wamesimama nyuma wakingoja useme ndiyo au hapana. Nikacheka peke yangu gizani. Katika ukoo wetu sijui nani mwingine amewahi kusubiriwa hivyo.

Basi mapipa sikuonyi. Unayaogopa, na ndiyo maana unavaa. Ninachokiogopa mimi hakinuki wala hakivimbi. Si ulisema mwenyewe kuwa hapo walikuwa wakivunja betri chakavu kwa miaka mingi, na kwamba udongo wote wa upande wa chini una madini ya risasi? Vumbi la risasi halikuwashi, halikukohoshi siku ile ile, halikupi dalili yoyote ya kukukumbusha ubadilishe nguo. Linakaa kwenye mshono, kwenye nyuzi za buti, kwenye nywele. Linakaa kwenye simu, mwanangu. Simu unayoishika na glavu mchana ndiyo hiyo hiyo mtoto anaitafuna jioni. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake hunyonya mara 4 mpaka 5 ya ule wa mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Sikuyatunga mimi.

Kitabu kina ukurasa mmoja wa nguo, mmoja tu, katikati ya kurasa kumi za barakoa. Kinasema nguo yenye vumbi la risasi haikung'utwi wala haipulizwi kwa hewa. Inavuliwa kazini, inatiwa kwenye chombo chenye mfuniko na maandishi, inafuliwa kwa gharama ya mwajiri. Halafu kuna mstari kwamba anayeifua naye lazima aambiwe imebeba nini.

Nilikifunga hapo. Nilikaa siku mbili sijakifungua.

Mambo ya baba yako na kazi yake unayajua, sina la kuongeza. Alikuwa akichoka, na nguo yake nilitaka awe nayo safi asubuhi, asidharauliwe. Sasa nguo yenye vumbi ukiitia majini moja kwa moja inakuwa tope, kila mfuaji anajua hilo, unaikung'uta kwanza. Mimi nilikuwa naikung'uta pale mlangoni penye upepo. Wewe mchana ulikuwa shuleni. Mdogo wako ndiyo kwanza alikuwa anatambaa.

Juzi ameniuliza tena namba ya kufungulia ile kufuli ya geti, nimemwandikia kwenye kikaratasi akakibandika nyuma ya simu. Hajambo, anafanya kazi, anakusalimu. Zile fimbo alizochapwa shuleni kwa ajili ya kusoma zilikuwa nyingi, nadhani. Walimu walisema ni uvivu na mimi nikaamini walimu.

Nilikuwa nasema nini. Nguo. Muulize mkwe wangu, bila kumgombeza, ovaroli zako anazifua wapi. Ni mwanaume wa kufua, nawashukuru waliomlea, lakini kama anazitia mashine moja na nepi za mtoto basi mwambie aache leo, asingoje mwisho wa mwezi. Na kama hamna bafu huko kazini, daini. Usiniambie bafu lipo ila maji hayatoki. Wewe uliyebishana na mimi mwaka mzima kuhusu kozi ya kemia unashindwa kubishana na mtu kuhusu bomba?

Huyo msimamizi wenu nilimwona kwenye ile picha nyingine, mwenye ndevu zilizoshuka kifuani. Samahani, simjui, huenda ni mtu mwema. Lakini kitabu chake mwenyewe kinasema barakoa haishiki juu ya ndevu, hewa chafu inapita pembeni. Mtu anayeingia na ndevu zile akiamini amejikinga, sitaki awe ndiye anayeamua wewe uvue nini na wapi. Tena wenzenu Marekani sheria inawataka wafanyakazi wa maeneo kama hayo wapate saa 40 za mafunzo na siku 3 za kufanya kazi chini ya mwangalizi kabla ya kuachiwa. Wewe uliniambia mlikaa darasani siku mbili mkapewa cheti na kofia. Sikusema kitu siku ile kwa sababu ulikuwa umefurahi.

Ile kanda ya kuvulia nguo, ya katikati, kati ya upande mchafu na upande safi, usiikate njia. Najua joto. Ndani ya lile vazi jasho halina pa kwenda, mtu anapika akiwa hai, na kitu cha kwanza anachotaka ni kufungua zipu. Glavu za ndani zinatoka mwisho, baada ya barakoa. Hata ukiwa unasikia kizunguzungu waite wakuoshe na kukuvua kwa utaratibu, kaa hapo hapo. Hapo kati ndipo kazi inapobaki kazini. Ukipita pembeni kwa haraka unakuja nayo kwenye kiti cha gari, kwenye zulia, mpaka kwenye kola.

Na jambo jingine, hili ni la wanawake. Uliniambia mnafikiria wa pili. Kabla hamjaanza nenda ukapimwe risasi kwenye damu, na mwambie daktari ulikulia wapi na baba yako alifanya kazi gani. Usimwambie ya hapo kazini peke yake. Risasi ikiingia mwilini hujificha kwenye mifupa miaka mingi, na mwanamke akishika mimba mifupa huiachia ikarudi kwenye damu, ikamfikia mtoto. Kwa hiyo mwambie yote. Ukitaka nije nimwambie mimi, nitakuja. Nitapanda gari, mgongo si kitu.

Hapa tuko salama. Bati la upande wa jikoni linavuja pale pale, fundi kaja mara mbili na mara zote mbili kasahau ngazi. Tanki nimelioshesha. Miwani yangu imevunjika mkono mmoja, nimeifunga uzi, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Usinitumie pesa ya miwani, nunua nguo za kubadilisha uziache kwenye kabati la kazini, pea tatu, na viatu vya kurudia nyumbani. Nikiona picha nyingine na ile ovaroli nitapiga simu saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama uko na wakubwa zako.

Kuna kitu nilitaka kukuuliza kwa kuwa wewe ndiye mwenye utaalamu. Ovaroli ya mwisho ya baba yako, ile ya bluu, sikuifua. Imo kwenye mfuko chini ya kitanda cha chumba cha nyuma, miaka yote hii, nimeiacha na harufu yake. Tangu nisome ule ukurasa sijauinua hata mfuko wenyewe. Chumba nimekifunga, mdogo wako nimemhamishia sebuleni. Niambie kitu kama hicho kinatiwa kwenye nini, na kinapelekwa wapi.

Mama yako