Barua kwa mabinti wa vyuo: kalenda haijui yai lako litatoka lini

Wajukuu zangu,

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu yenu ya WhatsApp. Ni kalenda ya rangi: siku ya 1 hadi ya 9 kijani, ya 10 hadi ya 17 nyekundu, zilizobaki kijani tena. Juu yake mtu ameandika "siku salama kwa kila mwanamke". Nimezalisha wanawake kwa miaka mingi, na picha hiyo imeniudhi kupita kiasi.

Juzi binti wa mwaka wa kwanza alikuja kwangu ameshika daftari. Kila mwezi kaupigia mstari kwa rula, siku za hedhi kazitia wino mwekundu. "Bibi, mbona nilihesabu?" Kweli alihesabu, tena vizuri. Ila daftari lake lenyewe lilionyesha kuwa mzunguko wake ni wa siku 24, si 28, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa hilo linabadilisha hesabu yote.

Sikilizeni basi. Hedhi chanzo chake ni ubongo. Sehemu yake iitwayo haipothalamasi hutoa homoni ya GnRH, nayo huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake. Pituitari hutoa homoni ya FSH, na mayai machache ndani ya ovari huanza kukua, kila moja na kifuko chake, hadi moja liyaache mengine nyuma. Kifuko cha yai hilo kikikua hutoa estrojeni, na estrojeni ndiyo inayojenga upya utando wa ndani wa mji wa mimba. Ikipanda sana na kubaki juu kwa siku mbili hivi, pituitari humwaga homoni nyingine, LH, kwa wingi. Saa 36 hivi tangu LH ianze kupanda, yai linatoka.

Kifuko kilichobaki hugeuka cha njano na kutoa projesteroni, inayouandaa utando upokee mimba. Mimba isipotunga, kifuko hicho hunyauka, projesteroni inashuka, utando unabomoka, na hapo ndipo unapoona siku zako.

Shikeni hapa. Nusu hiyo ya pili haibadiliki sana, kwa wengi ni siku 12 hadi 14. Nusu ya kwanza ndiyo inayorefuka na kufupika, maana ugonjwa, mawazo ya mitihani au kujinyima chakula vinaweza kuuchelewesha ubongo kutoa amri. Kwa hiyo zile siku 14 huhesabiwa kurudi nyuma kuanzia hedhi ijayo, ambayo hujaiona bado! Mwenye mzunguko wa siku 24 yai lake hutoka karibu na siku ya 10. Mwenye siku 35, karibu na ya 21. Binti yule alikutana na mwenzake siku ya 6, hedhi ndiyo kwanza imekatika, kijani kibichi kwenye picha yenu. Mbegu za kiume zinaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5, kwa hiyo za siku ya 6 ziliweza kulisubiri yai la siku ya 10.

P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, nayo hufanya kazi kwa kuichelewesha LH. LH ikiwa imeshapanda, haitegemewi. Haiharibu kizazi kama mnavyotishana, lakini kuimeza kila wiki ni kuvuruga hedhi bila kupata kinga ya uhakika.

Ute wa ukeni unaovutika kama ute wa yai la kuku ni dalili kuwa estrojeni imepanda. Maumivu ya hedhi huletwa na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini, na ibuprofen huyapunguza kwa asiye na vidonda vya tumbo. Mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida. Ukikosa hedhi miezi mitatu na huna mimba, au ukilowanisha pedi kila saa, nenda hospitali.

Lawama si zenu peke yenu. Somo wangu, yaani kungwi wangu, alinifunza kufua vitambaa na kuvianika pasipoonekana. Habari za yai hakunigusia. Walimu wanachora mzunguko wa siku 28 ubaoni na kufuta. Serikali yetu iliondoa VAT kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha 2019 kwa hoja kuwa bei haikushuka, na aliyeumia kwa mzozo huo wa wakubwa ni mtoto wa shule. Na wazazi, mnamkanya binti "usichezee wavulana" kisha mnanyamaza, mkidhani mmelea.

Mabinti zangu, daftari liendelee, litawasaidia kujijua na kumweleza daktari. Lakini asiyetaka mimba sasa asiliegemee. Kondomu ipo, nayo hukinga na magonjwa. Sindano, kijiti na kitanzi vipo kwenye vituo vya afya, na kuuliza si uhuni. Yule kijana anayekuambia "si umesema uko salama?" mchukue muende wote kliniki, akae kwenye benchi, naye afundishwe kama wewe.

Ni mimi bibi yenu,
Mkunga mstaafu, Tanga