Mgonjwa wa moyo anarudi Lamu na karatasi ya Kiingereza

Mhariri,

Naandika kwa sababu ya mamangu, na kwa sababu hapa Langoni siku hizi naskia wazee kadhaa washaambiwa moyo wao haupigi sawa na kila mtu ana hadithi yake kuhusu hio ableshoni, yaani kuchomwa sehemu ndogo ndani ya moyo ili mapigo yatulie.

Mamangu ana miaka 68, ana presha, na moyo wake ulikuwa ukipapatika ovyo, daktari akasema ni atriali fibrileshoni. Alifanyiwa hio ableshoni India mwaka jana. Wanapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa kinena mpaka ndani ya moyo, halafu wanachoma pale mishipa ya kutoka mapafuni inapoingilia, manake mara nyingi huko ndo mapigo mabaya huanzia. Baadaye alilala chali masaa kadhaa asikunje mguu, damu isije ikatoka. Tulipofika Mokowe kupanda boti paja lilikuwa limevilia damu, zambarau mpaka karibu na goti, ye anajifunika buibui watu wasione, mie roho juu, kumbe ile huisha yenyewe, cha kutisha ni uvimbe unaozidi kukua au damu isiyokoma.

Sasa kilichoniuma. Tulipewa kurasa tatu za Kiingereza tukaambiwa safari njema. Wiki ya tano, alfajiri, katikati ya sala moyo ukaanza tena, akakaa kwenye mswala akilia kwamba pesa zote zimekwenda na maji. Hakuna aliyetwambia kwamba miezi 2 au 3 ya mwanzo moyo bado unapona, unaweza kurukaruka, na hio haimaanishi kazi imeharibika. Ukatulia. Lakini ulipotulia akaacha dawa ya kuzuia damu kuganda, akaifunga kwenye kitambaa akaitia kashani, nimekuja kujua siku ya nne. Wallahi nilitetemeka! Ugonjwa huu unazidisha hatari ya kiharusi kama mara 5, na dawa hio haikatwi miezi 2 ya mwanzo hata ujiskie mzima vipi, na mtu wa umri na presha kama yake huendelea nayo hata moyo ukishatulia.

Wengine hawaponi kwa mara ya kwanza, hufanyiwa tena. Damu kujaa kwenye mfuko wa moyo hutokea kwa kama mtu 1 katika 100, na hio mara nyingi huonekana ungali hospitali. Ninayoiogopa mimi ni nyengine, nadra sana lakini inaua, tundu kati ya moyo na umio, inakuja wiki kadhaa baadaye ushafika kwako: homa, kumeza kunauma, mkono unalegea. Huku kwetu ukipata homa utasema malaria, utameza vidonge ulale.

Kwa hivyo naomba hospitali zinazofanya kazi hii zimpe mgonjwa ukurasa mmoja tu wa Kiswahili wenye dalili hizo na namba ya simu, na nakala aipeleke kwa daktari wa kwao. Mama yuko mwezi wa tisa sasa, anapanda ngazi za nyumba bila kusimama, na dawa nampa mwenyewe kila siku baada ya isha.

Mkaazi wa Langoni, Lamu