Malalamiko kuhusu sketi ya sendofu, kadi ya oda Na. 417

Sinza,
Dar es Salaam.
5 Agosti 2024

Meneja,
Duka la Ushonaji,
Kariakoo.

Ndugu Meneja,

Sketi mliyonishonea kwa ajili ya sendofu yangu ya Ijumaa, tarehe 2 Agosti, ilifumuka nikiwa nimeivaa, mbele ya wazazi na wakwe zangu. Naleta malalamiko haya kwa maandishi kwa sababu Jumamosi nilipokuja dukani niliambiwa kwamba tatizo ni mimi, nimenenepa. Sijanenepa, na ushahidi upo kwenye kadi yenu wenyewe.

Kwanza mjue kwa nini nilikuja kwa fundi badala ya kununua sketi iliyokwisha kushonwa. Nikiwa darasa la tatu nilivunjika mguu, mfupa ukaunga vibaya, na mpaka leo mguu wangu wa kushoto ni mfupi kwa inchi moja. Sketi yoyote iliyokatwa sawa pande zote hunikalia upande. Tarehe 29 Juni nilimweleza hayo dada aliyenipima, naye alinisikiliza vizuri sana. Alinivua viatu, akanifunga uzi kiunoni, akashusha futi kamba kutoka kwenye uzi mpaka sakafuni, kulia, kushoto, mbele na nyuma. Akaandika: kiuno 31, nyonga 43, urefu kulia 41, kushoto 40. Akaniuliza nitafanya nini nikiwa nimeivaa. Nikamwambia nitapiga magoti kuwalisha wazazi keki. Akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Atapiga magoti, acha nafasi." Huyo dada simlalamikii hata kidogo. Tangu nianze kushonesha nguo sijawahi kupimwa kwa uangalifu namna ile, na siku hiyo nilirudi nyumbani na furaha.

Tulikubaliana sketi mbili zinazovaliwa pamoja. Ya ndani ni ya satini ya kijani, ya kubana, inashuka chini kidogo ya goti, ina bitana na zipu ya kujificha nyuma. Ya juu ni ya neti yadi 8 na lesi ya shanga, ndefu mpaka chini, yenye mkia. Ningeingia nayo ukumbini, kisha ningeivua nibaki na ya ndani nicheze kwa raha. Hiyo ya ndani ningeivaa tena Jumapili ya tarehe 25 Agosti kwenye ibada ya shukrani baada ya ndoa. Bei ilikuwa shilingi 380,000, nikatanguliza 250,000. Kadi inasema pia kwamba sketi ya juu itashikwa na kulabu tatu kubwa za chuma zilizoshonwa kwenye mkanda wa kiunoni, na kwamba nitakuja kujaribu tarehe 20 Julai.

Tarehe 20 Julai nilikuja. Nikaambiwa fundi amebanwa na sare za kwaya, nirudi wiki inayofuata. Niliporudi nikaambiwa kujaribu si lazima, vipimo vipo. Nilikabidhiwa nguo Alhamisi saa 1 usiku, ikiwa imefungwa kwenye mfuko, na kesho yake ndiyo shughuli. Nikamalizia 130,000 zilizobaki na kupewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Mlango wa ukumbi ulipofunguliwa watu walikuwa wamesimama na muziki umeanza. Nilipiga hatua kama kumi, nikasikia nyuma ya kiuno changu, ta! Kisha tena, ta! Mpambe wangu aliwahi kuidaka neti kwa mikono miwili, tukatembea hivyo mpaka jukwaani, yeye ameinama nyuma yangu njia nzima. Upande wa kushoto neti ilikuwa inafagia sakafu na niliikanyaga mara mbili. Tuliivua haraka, nikajipa moyo kwamba ya ndani itanisitiri. Ikafika zamu ya keki. Nilipiga magoti mbele ya baba, kipande kikiwa mkononi, na zipu ikaachia. Baba aliona uso wangu ulivyobadilika, akaniwekea mkono begani nisinyanyuke. Mama mdogo akaja na kanga yake akanizungushia palepale. Muda wote uliobaki nilikaa kitini na kanga kiunoni. Sikucheza. Picha zote za keki nimo na kanga ya mama mdogo, na siku ile hairudi tena.

Jumamosi asubuhi niligeuza sketi zote mbili ndani nje nikazipima mwenyewe. Ya ndani ina inchi 43 kamili kwenye nyonga, sawasawa na mwili wangu, na satini ile haivutiki. Mtu akikaa au akipiga magoti nyonga hutanuka, ndiyo maana mafundi huacha walau inchi mbili. Hapa haikuachwa hata robo, ingawa maneno ya kalamu nyekundu yapo. Sketi ya juu imekatwa 41 kulia na 41 kushoto. Mkanda wake ni 31, kama wa ndani, ilhali unafungwa juu ya mkanda mwingine wenye gamu (kitambaa cha kukazia) na bitana. Ulipaswa uzidi hata kwa nusu inchi. Na kulabu hazipo. Nilikuta vifungo vinne vidogo vya kubonyeza, vimeshonwa kwenye bitana peke yake bila kugusa mkanda. Uzito wa neti na shanga ulivivuta, viwili viking'oka na kipande cha bitana. Tundu lililobaki linaingia kidole.

Halafu nilijipima mbele ya dada yangu. Kiuno 31, nyonga 43. Ni vilevile kama tarehe 29 Juni.

Mlinitaka 40,000 za marekebisho. Sketi ya ndani hairekebishiki. Nimefungua bitana ubavuni nikaona kitambaa kilichobaki nje ya mshono hakifiki robo inchi, na kimeshapigwa overloki, yaani kimekatwa na kufungwa ukingo kwa mashine. Hakuna cha kuachia.

Ninachoomba ni sketi mpya ya ndani bila malipo, ikatwe kwa kufuata kadi, na niijaribu kabla haijapigwa overloki. Ile ya juu ibadilishwe mkanda, iwekwe kulabu tulizokubaliana, na upindo wake upimwe upya kutoka sakafuni nikiwa nimesimama nayo. Kazi hiyo iishe kabla ya tarehe 17 Agosti. Kama hamwezi, nirudishieni 380,000 zangu zote. Naomba pia mniombe radhi kwa neno "umenenepa". Lilisemwa kwa sauti, mbele ya wateja wengine, na liliniumiza kuliko ile zipu.

Nasubiri jibu lenu mpaka Ijumaa, tarehe 9 Agosti. Likikosekana, nitapeleka kadi, risiti na sketi zenyewe Tume ya Ushindani (FCC), kwa kuwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamlinda mlaji pia. Nisingependa tufike huko. Nakala za kadi na risiti, pamoja na picha za bitana iliyochanika, nimeziambatanisha.

Siku ya kujaribu nitakuja na viatu nitakavyovaa kanisani. Naomba anipime dada yuleyule wa tarehe 29 Juni, na fundi atakayekata awepo hapo akiangalia.

Mteja wenu,

(Saini)

Kadi ya oda Na. 417